Taa ya oili inapepesa injini ikipata moto: niweke oili gani kwenye Volkswagen inayopozwa kwa hewa?

Swali: Habari za kazi fundi. Nipo Tabora mjini. Nimeachiwa na baba mdogo Volkswagen Karmann Ghia ya mwaka 1971, injini 1600 ya nyuma. Naitumia mwisho wa wiki, mara nyingine nafika nayo Nzega au Urambo. Injini ikishapata moto, nikisimama kusubiri treni ipite kwenye kivuko cha reli, taa ya oili inapepesa. Nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Inakula kama nusu lita ya oili kila kilomita 1,000 na asubuhi nakuta matone chini. Fundi wangu anasema niweke SAE 40 na nichanganye na oili ya gia namba 90 ili iwe nzito. Rafiki yangu mwenye Toyota IST anasema niweke sinthetiki 5W-30, ndiyo ya kisasa. Dukani wananipa 20W-50. Nimsikilize nani? Desemba nataka niende nayo Kigoma.

Jibu: Ndugu yangu, kati ya hao watatu aliye karibu na ukweli ni wa dukani. Kwa hali uliyoieleza, weka 20W-50 ya kawaida isiyo ya sinthetiki, lita mbili na nusu, uimwage kila baada ya kilomita 3,000 na isizidi 5,000. Kila ukiimwaga fungua chujio la chini ulioshe. Oili ya gia usiitie kabisa. Lakini naona hofu yako hasa ni ile taa, na taa haitibiwi kwa kubadili kopo tu, kwa hiyo tuanze hapo. Wenye Beetle nao wasome, maana chini ya bodi ile nzuri ya Ghia injini ni ileile.

Taa hiyo haipimi wingi wa oili, inapima presha. Kuna swichi ndogo imefungwa kwenye injini, karibu na distribyuta. Presha ikishuka hadi kati ya bar 0.45 na 0.15 hivi, taa inawaka. Hiyo ni presha ndogo sana. Maana yake taa ikiwa imezima hujathibitisha kwamba presha ni nzuri, na ikipepesa injini ikiwa moto na hujakanyaga mafuta, hujathibitisha kwamba injini imekwisha. Vitabu vya Volkswagen vya miaka ile vilikubali kupepesa kwa namna hiyo, mradi taa izime mara tu ukiongeza mafuta. Yako inazima, kwa hiyo una nafasi ya kuchunguza kwa utulivu. Inachokuambia ni kwamba oili ikipata moto inakuwa nyepesi mno kwa nafasi zilizopo kwenye beringi. Sasa ujue kama kosa ni la oili, la joto, la beringi au la swichi yenyewe.

Kipimo cha kweli ni geji ya presha. Fundi afungue swichi ile, aunge geji ya mkono mahali pake, gari litembee hadi lipate moto sawasawa, kisha asome kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Kiwango cha chini kilichowekwa na kiwanda, kwa oili ya SAE 30 ikiwa na nyuzi 70 za Selsiasi, ni bar 2, yaani psi 28. Ukiipata hiyo, injini yako bado ina maisha na huenda shida ni swichi tu, ambayo bei yake ni ndogo. Ukipata chini ya hapo hata baada ya kumwaga oili na kuweka mpya, hakuna oili ya dukani itakayorudisha chuma kilicholika.

Kipimo cha pili hakihitaji kifaa. Zima injini, shika ile puli ya chini inayozungusha fenibelti kwa mikono miwili, uisukume kuelekea mbele ya gari kisha uivute kuelekea kwako. Nafasi inayoruhusiwa kwenye krankishafti ni ndogo, kati ya milimita 0.07 na 0.13, na ukomo ni 0.15. Kwa mkono nafasi hiyo huihisi kabisa au unaihisi kwa shida. Ukisikia "tak, tak" kila ukisukuma na kuvuta, beringi kuu au kiti chake kimelika na injini inahitaji kushushwa. Fanya hivyo kabla hujanunua chochote.

Sasa oili. Gari la rafiki yako lina rejeta na maji, na maji ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya joto. Lako halina. Feni inayoendeshwa na fenibelti inapuliza hewa kwenye mapezi ya silinda na hedi, na sehemu ya joto inachukuliwa na oili inayopita kwenye kipoza oili kilichofungwa kwenye njia ya hewa hiyohiyo. Kwa hiyo oili kwako inafanya kazi mbili, kulainisha na kupoza, na yote hayo kwa lita mbili na nusu tu. Lita hizo chache zinachoka haraka kuliko lita nne za injini nyingine.

Hapa ndipo wazo la "nzito zaidi ni bora zaidi" linapoharibikia. Kati ya pampu na kipoza oili kuna valvu ya presha, pistoni ndogo yenye springi. Oili ikiwa baridi na nzito, presha inapanda, pistoni inasukumwa chini na oili inakwepa kipoza, inakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Ikipata moto na kuwa nyepesi, pistoni inarudi juu na oili inaanza kupita kwenye kipoza. Ukiweka oili nzito kupita kiasi, inachelewa kuanza kupozwa, inachelewa kufika juu kwenye valvu za hedi asubuhi, na pistoni ile ikiwa imekwama kwa uchafu, presha ya asubuhi inaweza kupasua kipoza au kutoa sili zake. Mtu anadhani ameilinda injini, kumbe ameikosesha kipoza chake.

Je, fundi wako amekosea kutaja SAE 40? Hapana. Kitabu cha gari lenyewe kiliagiza SAE 30 kwa mwaka mzima katika nchi za joto, na SAE 40 pale ambapo wastani wa joto unapita nyuzi 30. Tabora, pamoja na jua lote la Oktoba, ipo juu kama mita 1,200 na wastani wake haufiki huko. Kwa hiyo SAE 40 nzuri haiharibu kitu. Shida yake ni mbili. Asubuhi za Juni na Julai inakuwa nzito kuliko oili yenye namba mbili kama 15W-40. Na SAE 40 nyingi za bei ya chini zinazopimwa kutoka kwenye pipa hazina kiwango kinachosomeka, hivyo hujui ina viungo gani ndani. Ukiipata kwenye kopo lililofungwa, lenye maandishi ya API SF au zaidi, au CF kwa upande wa dizeli (API ni kiwango cha ubora wa oili, na herufi ya mwisho inasonga mbele kadiri kiwango kinavyokuwa kipya), unaweza kuitumia bila wasiwasi.

Namba zenyewe zinasomeka hivi. Ile yenye herufi W inaeleza oili ikiwa baridi, ya pili inaeleza ikiwa na nyuzi 100. Mnato, yaani uzito, wa oili ya 30 kwenye nyuzi 100 ni kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, wa 40 unaishia 16.3, na wa 50 unafika hadi 21.9. Hivyo 20W-50 asubuhi haina uzito wa oili ya 50 ya namba moja, lakini ikishapata moto inabaki na mwili. Injini ya zaidi ya miaka 50 yenye beringi zilizopanuka kidogo inahitaji mwili huo, na ndiyo sababu naichagua kwako. Ingekuwa imetoka kufanyiwa ovahoo, ningekuambia 15W-40 na kuishia hapo.

Tuje kwa 5W-30 ya rafiki yako. Utasema, mbona kitabu kimesema 30? Ni kweli, kwenye nyuzi 100 zinafanana. Tofauti inaonekana oili inapobanwa kati ya beringi na krankishafti kwenye nyuzi 150. Hapo, kwa kipimo kingine cha mnato tofauti na kile cha juu, 5W-30 inaruhusiwa kushuka hadi 2.9, wakati 15W-40 na 20W-50 haziruhusiwi kushuka chini ya 3.7. Injini ya IST imetengenezwa na nafasi finyu na inapozwa kwa maji, hivyo inaridhika. Yako hairidhiki.

Lipo jambo la pili, nalo ndilo linaloua kamshafti za magari ya zamani kimyakimya. Kwenye injini yako kamshafti inasugua moja kwa moja kwenye tapeti bapa, haina rola. Chuma na chuma vinakutana kwa nguvu, na kinachovitenganisha oili inapobanwa hadi kuisha ni kiungo cha zinki na fosforasi kinachojulikana kama ZDDP. Fosforasi hiyo inaharibu kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosti za magari ya kisasa, kwa hiyo tangu kiwango cha API SM cha mwaka 2004 oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 zimewekewa ukomo wa asilimia 0.08. Ukomo huo hauzihusu 15W-40 na 20W-50. Ndiyo maana si kweli kwamba herufi ya mbele zaidi ni bora kwa kila gari. Gari lako halina kifaa hicho, na zinki ni rafiki yake.

Kwa sababu hiyohiyo, oili ya magari ya dizeli ya 15W-40 yenye API CI-4 ni chaguo zuri sana kwa injini hizi, na Tabora unaipata kila mahali kwa sababu ya malori. Ina zinki ya kutosha na sabuni nyingi ya kusafisha. Hata 20W-50 ya bodaboda ya injini za viharusi vinne, yenye alama ya JASO MA, inafaa ukikwama njiani, maana kiwango hicho kinaitaka fosforasi isipungue asilimia 0.08 wala kuzidi 0.12. Ya viharusi viwili, ile ya kuchanganya na petroli, hapana. Na usinunue vichupa vya kuongeza zinki uvimimine kwa kukisia, kwa sababu ikizidi nayo inakula chuma.

Oili ya gia sasa. Namba 90 ya gia si nzito mara mbili ya 40 ya injini kama wengi wanavyofikiri. Ni vipimo viwili tofauti. Ukiziweka pamoja, 90 ya gia inakaribia 40 au 50 ya injini. Kwa hiyo haikuongezei uzito unaoutafuta, ila inakuletea viungo vya salfa vilivyotengenezwa kwa meno ya gia, ambavyo kwenye joto la injini vinaweza kushambulia beringi zenye shaba, na inapunguza nguvu ya sabuni ya oili yako. Mwambie fundi wako kwa heshima: gia ibaki kwenye giaboksi.

Sinthetiki haipasui sili, hilo ni la kusikia tu. Inachofanya ni kupita kwa urahisi pale ambapo sili ilishachoka, na gari lako tayari linadondosha. Uzuri wake ni kwamba inavumilia joto kali bila kuungua upesi. Lakini injini yako haina filta ya oili, ina chujio la waya tu linaloshika vipande vikubwa. Uchafu mdogo unabaki unazunguka hadi siku ya kumwaga. Hivyo utalazimika kuimwaga mapema vilevile, na pesa yako itakuwa imepotea. Afadhali oili ya kawaida inayomwagwa mara kwa mara. Ikiwa nyeusi baada ya kilomita mia chache usishtuke, inaonyesha inabeba uchafu kama inavyotakiwa.

Unaponunua, angalia pete ya mfuniko haijakatwa, alama ya TBS ipo, na namba ya uzalishaji imechapwa vizuri na haifutiki kwa kidole. Kopo likiisha likate kwa kisu kabla ya kulitupa. Makopo mazima ndiyo yanayorudi sokoni yakiwa na oili feki.

Kumwaga kwenyewe fanya hivi. Injini iwe na moto, gari likiwa mahali tambarare. Toa boliti ya katikati ya sahani ya chini, acha idondoke hadi imalizike, kisha fungua nati sita ndogo kwa spana namba 10. Sahani ikishuka utaona chujio. Lioshe kwa mafuta ya taa, likague, halafu hakikisha bomba la kunyonyea linaingia kwenye tundu la chujio bila kucheza, kwa sababu likilegea pampu inaweza kunyonya hewa, na taa itapepesa hata oili ikiwa nzuri. Weka gasketi mpya mbili, moja juu ya chujio na moja chini yake, na vipete (washa) vipya vya shaba. Kaza kwa mkono mwepesi, Nm 7 tu. Kasha la injini hii ni la aloi ya magnesiamu, na fundi mwenye mkono mzito anang'oa stadi bila kujua. Hapo ndipo matone mengi ya "injini imechoka" yanapoanzia. Gasketi hizo agiza Dar es Salaam seti kadhaa kwa pamoja.

Tia lita mbili na nusu, washa kidogo, zima, subiri dakika chache, upime. Usipitishe alama ya juu, maana oili itapigwa na krankishafti ikatoa povu na ziada itatafuta pa kutokea. Kati ya alama mbili za stiki kuna zaidi ya lita moja. Ukiikuta kwenye alama ya chini, umeshapoteza karibu nusu ya kipoza chako chote. Kwa ulaji wa nusu lita kila kilomita 1,000, ambao kwa umri huo si wa kutisha, pima kila ukijaza petroli.

Kama kisafisha hewa chako ni kile cha bakuli la oili, usikisahau. Kwa vumbi la mchanga wa Urambo na Kaliua wakati wa kiangazi, kifungue kila mwezi, kwangua tope la chini, ukijaze oili ileile ya injini hadi alama nyekundu. Vumbi linalopita hapo ndilo linalokula ringi na kuongeza ulaji wa oili.

Kabla ya kuilaumu oili, kagua pia joto linakotoka. Angalia mabati yote yanayoizunguka injini yapo, pamoja na ile raba inayoziba nafasi kati ya injini na bodi. Magari mengi yameipoteza, na feni inavuta hewa ya moto kutoka kwenye ekzosti na kuirudisha ndani. Nafasi za valvu ziwe milimita 0.15, zikipimwa injini ikiwa baridi kabisa, na muda wa moto wa plagi uwekwe kwa kipimo, usiwekwe kwa sikio. Ukiendesha kwenye mchanga usiing'ang'anize gia kubwa kwa mizunguko ya chini, kwa sababu kasi ya feni inafuata kasi ya injini. Shusha gia.

Lipeleke gari kwa fundi mwenye geji na uzoefu wa injini hizi, usiendelee kulitumia, ikiwa taa inawaka hata ukikanyaga mafuta, ukisikia mgongano mzito kutoka chini, puli ikigonga ulipoivuta, au ukikuta kwenye chujio chenga za chuma zinazong'aa. Chenga za rangi ya fedha au ya shaba kwa kawaida ni za beringi. Zinazonaswa na sumaku ni za chuma cha kamshafti, tapeti au gia za ndani. Zihifadhi kwenye kitambaa umwonyeshe.

Kwa safari ya Desemba, mwaga oili wiki mbili kabla, utembee nayo kidogo hapo mjini, kisha ukague matone na kiwango. Beba lita mbili za oili ileile, fenibelti ya akiba na spana ya nati ya puli. Asubuhi ondoka taratibu kilomita chache za kwanza hadi oili ipate joto. Pima Kaliua na upime tena Uvinza, injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa. Na taa nyekundu ya jenereta ikiwaka ghafla ukiwa barabarani, simama hapohapo, kwa kuwa belti inayoendesha jenereta ndiyo inayoendesha feni.